Alama Sitini za Kijiti

Kabla figo zake hazijamgomea, Fundi alikuwa mtu wa kazi za juu: mapaa ya maghala, nguzo za madaraja, minara ya simu. Alipanda na kofia yake ya kuchomelea, akashinda huko kutwa akiunga vyuma, na jioni akashuka anacheka. Mtungi wa gesi uliowashinda vijana wawili yeye aliutia begani kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alizoea kusema kwamba mdogo wake alizaliwa na mwili wa watu wawili na akili ya mtu mmoja na nusu, ila hiyo nusu haijulikani huwa inashinda wapi.

Basi asubuhi moja viatu vya kazi vikakataa kuingia miguuni. Akadhani vimenyeshewa vikasinyaa. Akavivuta, akavipigapiga sakafuni, akamgombeza dada yake kwa kuvianika juani. Dada akamtazama usoni, akaona macho yamezibwa na uvimbe, akasema polepole, "Mdogo wangu, si viatu."

Hospitali wakampima, wakarudia kumpima, kisha daktari akamkalisha kitako. Figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Tangu siku hiyo damu yake ingesafishwa na mashine, mara tatu kwa wiki, nusu siku nzima kila mara. Mkono wake wa kushoto ukapasuliwa, mishipa ikaunganishwa ili sindano zipate pa kuingilia, akaambiwa mkono huo usibebe tena kitu kizito. Mtu aliyekuwa akishikilia boriti ya daraja ikining'inia hewani sasa alikatazwa kunyanyua ndoo.

Chumba cha mashine kilikuwa chini, mwisho wa ukumbi, chenye mapazia ya kijani na harufu ya spiriti. Viti vinne vya kulalia vilitazamana, viwili huku, viwili kule, na nyuma ya kila kiti mashine ikiguguna kama jokofu kuukuu. Ukutani kulikuwa na televisheni iliyokuwa ikionyesha picha bila sauti, na hakuna aliyekumbuka sauti ilipotelea wapi.

Wenzake walikuwa watatu. Mmoja ni Dereva, mtu wa malori ya safari ndefu, tumbo mbele, maneno mengi, na kicheko cha kutikisa mirija. Wa pili wakimwita Bi Harusi, kwa sababu ugonjwa ulimkuta hata picha za harusi yake hazijatoka kwa mpiga picha. Mumewe alishinda kwenye benchi la nje akijifanya anasoma gazeti. Wa tatu ni Msusi, mama wa makamo, mwembamba kama ufito, mwenye saluni yake mtaa wa nyuma ya hospitali. Huyo ndiye aliyekuwa mwenyeji. Alikikalia kile kiti miaka mingi kiasi kwamba mashine ya kwanza aliyofungwa ilishachakaa ikatupwa, na ya pili pia, yeye yupo.

Miezi ya mwanzo Fundi hakusema na mtu. Aliugeukia ukuta akangoja saa ziishe. Dereva akimtania alijifanya amelala. Msusi hakumsumbua, alimwambia tu, kila alipoingia, "Karibu mwanangu," na kila alipotoka, "Haya, tuonane."

Aliyechoka na ule ukimya alikuwa dada yake. Siku moja, akipangua sanduku la nguo za kazi, akakuta kifuko cha ngozi kilichojaa dadu: za pande nne, za pande sita, za pande ishirini. Alikijua kile kifuko. Zamani, kambini kwenye ujenzi wa daraja, mpima ardhi mmoja aliwafundisha mafundi mchezo wa ajabu, na Fundi akaukolea mpaka ndugu zake wakadhani amerogwa. Mmoja anakuwa msimuliaji: anasimulia nchi isiyokuwepo, yenye mapango na majitu na miji iliyozikwa. Wengine kila mmoja anatunga mtu wake, mhusika, na kumwendesha ndani ya hadithi: aende wapi, aseme nini, apigane na nani. Penye mashaka, dadu inaamua. Fundi ndiye aliyekuwa msimuliaji wa kambi nzima.

Dada akakibeba kile kifuko mpaka hospitali, akakimwaga kwenye kimeza cha magurudumu mbele ya macho ya watu. "Ndugu yangu huyu," akawaambia wale wengine, "ana hadithi nyingi kuliko nywele za kichwani. Msimwache alale." Kisha akajiondokea zake.

Dereva akanyoosha shingo. "Kamari?"

"Si kamari," akasema Fundi. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza mle ndani, na ikavuta nyingine.

Kila mhusika, akawaeleza, ana mambo sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Nguvu ni za kubeba na kupiga. Wepesi ni wa mikono na miguu. Ustahimilivu ni mwili kuvumilia njaa, kiu, sumu na uchovu. Akili ni kujua mambo. Busara ni kuona, kutambua jambo kabla halijasemwa. Mvuto ni watu kukusikiliza. Kila jambo lina alama zake, tatu zikiwa chini kabisa, kumi na nane kileleni, na mtu wa kawaida ana kumi.

"Na alama hizo nani anazitoa?" akauliza Bi Harusi.

"Dadu. Unarusha tatu za pande sita, unazijumlisha."

Sista, muuguzi wa zamu, akazipangusa dadu kwa spiriti, akazitia kwenye kibakuli cha chuma kile chenye umbo la figo, akawa anakipitisha kiti kwa kiti, maana kila mmoja alikuwa na mkono mmoja tu ulio huru. Dereva alipokabidhiwa kile kibakuli akakiinua juu. "Jamani, hatimaye nimepata figo inayofanya kazi!" Hata Sista alicheka mpaka akajishika kiuno.

Dereva akarusha. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na tano. Bahati ilikuwa inamwagika tu. Bi Harusi akarusha kwa zamu yake. Sita. Tano. Nane. Ustahimilivu, nne. Akazitazama zile dadu, machozi yakaanza kuteremka, na kwa kuwa hakuweza kuinua ule mkono mwingine kuyafuta, akayaacha.

Fundi alihisi kama kachomwa na cheche chini ya shati. Kambini, watu waliporusha vibaya walitukanana kwa furaha. Lakini humu ndani kila mtu alikuwa ameshapigiwa kura ya mwili wake, bila kuulizwa, wala bila kuwepo ikipigwa. Nani alihitaji kukumbushwa?

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema. "Hizo zifute. Naleta kanuni nyingine."

Nyumbani alikaa nalo jambo lile kama zamani alivyokaa na ramani za paa. Alitaka mizani: kila mtu apewe kiasi kilekile, kisha agawe mwenyewe. Akafikia alama sitini. Ukizigawa sawa unapata kumi kila mahali, mtu wa kawaida. Ukitaka kuzidi hapa, lazima upungukiwe pale. Hakuna wa kuonewa, hakuna wa kubebwa. Akafurahi nayo kama mtu aliyechomelea kiungo kikatoka laini bila kovu.

Dereva na Bi Harusi walizigawa kufumba na kufumbua, na bila kula njama wakatoka na kitu kimoja: Nguvu kumi na nane, Ustahimilivu kumi na nane, na kwingine kote sita sita. Dereva akamwita wake Tingatinga. Bi Harusi akamwita wa kwake Chuma, akalitamka lile jina kwa meno yaliyokazana. Nani mle ndani angejinunulia mwili dhaifu?

Wakaingia hadithini. Majitu yale mawili yakafika kwenye mlango wa mawe uliofunga njia ya mlimani. Yakausukuma. Mlango haukutikisika. Yakausukuma pamoja, yakachukua gogo yakaupiga, gogo likavunjika. Tingatinga akaupiga kichwa. Chuma akachimba chini. Muda ukaenda, Sista akabadilisha mifuko ya maji, mume wa Bi Harusi akachungulia akaondoka, na majitu bado yanasukuma. Kila Fundi alipowauliza kama wanaukagua mlango, walirusha dadu ya Busara, na kwa alama sita wakashindwa.

Ndipo sauti ikatoka kwenye kiti cha Msusi, aliyekuwa amefumba macho muda wote. "Wanangu," akasema, "hamjajaribu kuuvuta."

Dereva alicheka mpaka mashine yake ikapiga kelele na Sista akaja mbio.

"Mama, ingia nawe," akasema Fundi. "Tutungie mtu."

"Nilikuwa nangoja kuulizwa," akajibu Msusi.

Hakugawa papo hapo. Aliuliza maswali: hii Busara inaona mpaka wapi? Huu Mvuto unaweza kumfanya mtu akubebee mzigo? Siku iliyofuata akaja na alama zake kichwani. Nguvu sita. Wepesi kumi. Akili kumi na mbili. Mvuto kumi na mbili. Busara kumi na saba.

"Zimebaki tatu," akasema Fundi.

"Ndizo za Ustahimilivu."

Fundi akadhani amesikia vibaya. "Mama, tatu ndiyo chini kabisa. Mtu wa alama tatu akipanda ngazi anazimia. Atakufa kabla hatujala chakula cha mchana."

"Anaitwa Kijiti," akasema Msusi, kama vile hajasikia.

"Chukua mbili kwenye Busara. Au tatu. Mimi hapa natafuta mizani, sitaki mtu wako awe mzigo kwa wenzake."

Msusi akageuza kichwa akamtazama, si kwa hasira. "Mwanangu, hawa wenzako wamechagua mwili wanaoutamani. Sawa, ni haki yao. Mimi nimechagua mwili ninaoujua. Huu wa alama tatu nimeuendesha miaka mingi. Wewe simulia tu."

Fundi akakubali shingo upande. Moyoni alijiambia kwamba ataangalia namna ya kumlinda yule Kijiti, amlegezee dadu hapa na pale, mama wa watu asije akaaibika.

Mlima ukapitwa, na mbele yao ikajitandaza mbuga ya chumvi, nyeupe, tambarare, isiyo na kivuli. Fundi aliitunga kabla Kijiti hajazaliwa, kwa ajili ya majitu. Kanuni yake ilikuwa rahisi: mtu akijilazimisha kwenda pale mwili unapotaka kukataa, anarusha dadu ya pande ishirini, ikitoka sawa na Ustahimilivu wake au chini, anaendelea, ikizidi, anaanguka. Kwa majitu yale ilikuwa karibu mteremko mtupu. Kwa Kijiti ilikuwa kaburi.

"Mnaanza safari," akasema Fundi. "Jua linapanda."

"Twende!" akasema Dereva. "Tingatinga anatembea mpaka aione ng'ambo."

"Chuma yuko naye bega kwa bega," akasema Bi Harusi.

"Kijiti anakaa," akasema Msusi.

"Anakaa? Ndiyo kwanza mmetoka."

"Ndiyo. Hajachoka bado. Ndiyo wakati wa kukaa." Akaendelea taratibu, sauti ileile ya mtu anayegawa nywele kwa kitana. "Kisha anainuka, anatembea kwenye kivuli cha Tingatinga. Jitu kubwa kama lile ni mti unaotembea. Maji hanywi kwa chupa. Anakunywa kwa kizibo, anayazungusha mdomoni, anayatuliza kabla ya kumeza. Kitambaa amekilowesha shingoni, shuka amejifunga kiunoni. Akiona miguu inaanza kuuliza maswali, anakaa tena, hangoji jibu."

Fundi akaitafuta ile dadu mkononi, akaiona haina kazi. Hakuna mahali Kijiti alipojilazimisha. Wakati huo Tingatinga na Chuma walikuwa wakirusha hatua kwa hatua, wakifaulu, wakishangilia, wakinywa maji kwa mafunda. Walirusha mno. Mwisho Tingatinga akapata kumi na tisa, akaanguka kama ukuta. Dereva akapiga yowe kana kwamba ni yeye.

"Kijiti yuko wapi?" akauliza Bi Harusi.

"Nyuma yenu kidogo. Anakuja. Na maji bado anayo."

Fundi akaona hapana, hawezi kushindwa kirahisi hivyo. Msimuliaji lazima atie joto. Akaleta dhoruba ya chumvi, upepo wa kukata ngozi. "Hapa mama hakuna kukwepa. Rusha."

Msusi akarusha kwa mkono wake ulio huru. Dadu ikazunguka ndani ya kibakuli, ikalala. Kumi na nane.

Kijiti ameanguka. Fundi alikuwa ameshafungua mdomo kutafuta cha kumwokoa, Msusi akamwahi. "Ameanguka, ndiyo. Ila angalia ameangukia wapi. Nilisema anatembea kwenye kivuli cha Tingatinga, na Tingatinga amelala hapo. Kijiti ameangukia upande usio na upepo, kitambaa kiko usoni, shuka amejifunga kiunoni tangu asubuhi. Mwanangu, mimi sijawahi kuzuia kuanguka. Nachagua tu pa kuangukia."

Fundi alipigwa na butwaa. Ni kweli, yote yale aliyasema. Aliyataja moja moja mapema, kama mtu anayepiga soga, na wao wakayaona soga. Ndani ya ile kanuni yake ya mizani, aliyoipima akaipenda, huyu mama alikuwa ameona chumba kizima ambacho yeye mwenyewe mjenzi hakujua kama kipo. Dhoruba ikapita. Kijiti akaamka, akawapa majitu yale maji kwa kizibo, akawaonyesha namna ya kukaa kabla ya kuchoka, na wote watatu wakavuka.

Dereva akapiga mguu wa kiti kwa kisigino. "Dada Msusi, wewe si mtu wa kawaida!"

Lakini Bi Harusi hakushangilia. Alikuwa ameinamisha uso, na Fundi akaona, kwa mara ya kwanza, jinsi miguu yake ilivyovimba ikajaa ndala. Kila siku alipofungwa mashine ilikuwa lazima imkamue maji mengi, na kila mara misuli ilimkaza akalia. Walidhani ni ugeni.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "mimi nakunywa. Naambiwa kikombe, nakunywa jagi. Naingia bafuni, nafungua bomba, mume wangu asione. Siwezi. Nimejaribu kuwa na nguvu, siwezi."

"Nani alikwambia ni nguvu?" akasema Msusi. "Kiu huipigi mieleka, itakuangusha. Gandisha maji kwenye kisosi, uvunjevunje, ukizidiwa weka kipande mdomoni kiyeyuke chenyewe. Kipande cha limau, hivyo hivyo. Punguza chumvi kwenye chakula, maana ndiyo inayokuita bombani. Na mwambie mumeo. Yule kijana anasoma gazeti la mwezi uliopita, anangoja tu umpe kazi."

Bi Harusi akacheka huku analia. Juma lililofuata Sista alimpima uzito akarudia mara ya pili, akidhani mzani umeharibika.

Tangu hapo akili ya Fundi haikulala. Alimtazama Msusi kama mwanafunzi anavyotazama mikono ya fundi mkuu. Kumbe hata hivyo alikuwa bado hajaona kitu.

Ilikuwa siku ya kawaida, katikati ya hadithi. Fundi alikuwa anasimulia mji uliozikwa, na alijisikia vizuri tu, labda usingizi kidogo. Alipiga miayo. Akapiga tena. Akamwita Chuma kwa jina la Tingatinga, akajisahihisha, akaendelea.

"Sista!" Sauti ya Msusi ilikata chumba. "Sista, njoo! Fundi anashuka!"

"Sijambo mama," akasema Fundi, na alipokuwa anasema akaona mapazia ya kijani yanageuka kijivu, masikio yakajaa sauti ya maji. Mashine ilikuwa haijalia. Ilianza kulia Sista alipokuwa tayari amefika, ameshalaza kiti, miguu juu kichwa chini, mkono mmoja kwenye mirija. Presha ilikuwa imeteremka ghafla. Fundi aliporudi duniani aliona dari, na uso wa Sista una jasho.

"Ningechelewa kidogo tu," Sista akasema, akashindwa kumalizia.

Fundi akageuza kichwa. "Mama, ulijuaje? Mimi mwenyewe sikujua."

"Wewe humwiti Chuma Tingatinga," akasema Msusi. "Na hupigi miayo ukisimulia. Ukisimulia unakuwa kama umekunywa kahawa."

Alilala pale akitazama dari, na kitu kama hofu kikamjaa, lakini kilikuwa kitamu. Busara kumi na saba. Alikuwa ameziandika zile alama kama mapambo ya mchezo. Miezi yote hiyo, huku amefumba macho, yule mama alikuwa akiwasikiliza wote watatu, pumzi zao, miayo yao, majina wanayokosea.

Alipopata nafuu akataka kulipa, na kwa kuwa mali yake ilikuwa kanuni, akatunga kanuni. "Mama, nimefikiri. Mizani yangu ilikuwa na kasoro. Mtu mwenye alama ya chini sana nataka apewe kitu cha kumfidia. Kijiti, kwa ile tatu yake, apate kipaji maalumu. Awe anarusha mara mbili, achague iliyo nzuri."

Msusi akatikisa kichwa kabla hajamaliza. "Usimpe."

"Ni haki yake."

"Si haki, ni huruma, na umeivalisha suti. Udhaifu si kipaji, mwanangu. Usije ukawadanganya watu. Mimi ningebadilisha leo hii, hizi figo zangu na za mtu yeyote anayepita barabarani. Tatu ni tatu. Kilichobaki ni kazi, na kazi hiyo naifanya mwenyewe. Niachie."

Fundi akaifuta ile kanuni. Alijikuta anaona haya, lakini pia ametua mzigo fulani ambao hakujua kama ameubeba.

Siku hiyo walitoka pamoja. Dada yake alichelewa kumfuata, naye akaamua kumsindikiza Msusi mpaka saluni, mwendo mfupi ambao zamani angeumaliza kwa pumzi moja. Msusi alisimama kwa mlinzi wa geti, akaegemea nguzo, akamuuliza habari za mguu wake. Wakaenda. Akasimama kwa fundi viatu, akakaa kwenye benchi lake, akamtania kuhusu kiatu cha kike kilichokosa mwenzake. Wakaenda. Kwenye dirisha la duka la dawa alisoma tangazo lote, mpaka namba za simu za chini. Kwa mwenye duka la vitambaa alivutiwa kiti hata kabla hajafika, wakaongea habari za binti wa yule mwanamke anayesoma. Mtaa wote ulimwita, mtaa wote ulimcheka, na Fundi alikuwa siku zote akisikia kwamba Msusi ni mama wa maneno mengi, hafiki anakokwenda kwa kusalimia watu.

Alikuwa katikati ya barabara alipoelewa. Nguzo. Benchi. Kizingiti cha dirisha. Kiti. Kila salamu ilikuwa na mahali pa kukaa au kuegemea, na kila moja ilikuja kabla tu ya pumzi kupungua. Na zile salamu hazikuwa za uongo: mguu wa mlinzi aliuulizia kweli, binti alimjua kwa darasa na walimu wake. Mtaa mzima alikuwa ameupanga namna hii, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyejua kwamba anamvusha. Fundi alisimama. Alishajenga madaraja. Hakuwahi kuona daraja kama hili, lisilo na chuma hata kimoja, na watu wamesimama juu yake hawajijui.

"Mbona umesimama?" akauliza Msusi.

"Nimechoka," akasema Fundi, ijapokuwa bado.

"Vizuri," akasema Msusi, akamwonyesha ukuta mfupi wa kukalia.

Saluni, mteja alikuwa anangoja kwenye zulia. Msusi akaketi kwenye kigoda chake kirefu nyuma yake, akapachika kitana kwenye nywele zake mwenyewe, na vidole vikaanza kwenda. Kwa vidole hivyo hakuwa mtu wa alama tatu wala wa alama kumi. Fundi alisimama mlangoni akitazama mistari inavyotoka, sawasawa, kichwa kizima, mpaka dada yake akampigia simu akimtafuta kwa ukali.

Mengi yamepita tangu hapo. Bi Harusi alipewa figo na shangazi yake, amenenepa, na siku akipata nafasi huja kukaa kiti cha wageni na kumwendesha Chuma. Dereva alimchoka Tingatinga, akatunga mwingine mwenye Nguvu tano na Mvuto mkubwa, na analalamika kila mara kwamba hakuna anayemsikiliza. Fundi hajapanda tena juu. Anachomelea vitu vidogo vya mezani, akiwa ameketi, kwenye karakana ya rafiki yake, na mapumziko anayapanga kabla ya kazi. Kanuni ya sitini ameiacha vilevile.

Na Msusi bado yupo kwenye kiti chake. Kijiti ameuvuka mji uliozikwa, amevuka ziwa la moto, sasa yuko mpakani mwa nchi ambayo Fundi mwenyewe hajamaliza kuitunga. Ustahimilivu wake ni tatu.